Tatizo Kwanza, Mashine Baadaye: Misingi ya Kusimamia Miradi ya Teknolojia ya Habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inaeleza kwa maneno machache kazi yote ya teknolojia ya habari: kuandika, kuhifadhi, kuhesabu, na kumfikishia mtu habari anayoihitaji kwa wakati anaouhitaji. Daftari la karatasi, simu ya mkononi na kompyuta ni vyombo vya kazi hiyo hiyo moja. Vyombo hivyo vinatofautiana kwa kasi na kwa gharama, lakini havitofautiani kwa kusudi.

Hata hivyo, shule, vyama vya ushirika na ofisi nyingi zinapoamua kutumia kompyuta huanza kwa kuuliza ni mashine ya aina gani inunuliwe. Swali hilo ni la mwisho, si la kwanza. Makala haya yanaeleza namna tatizo linavyochambuliwa kabla ya mashine kununuliwa, na namna kazi inavyopangwa baada ya uamuzi kufanywa. Maelezo yatatumia mfano wa kubuni wa kituo cha maziwa katika kata ya Ibighi, Tukuyu, na baadaye matukio mawili yaliyotokea kweli nchini Tanzania.

Maana ya mradi na maana ya tatizo

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye lengo lililotajwa, na yenye mipaka ya muda, fedha na watu. Kuchuma chai kila wiki katika mashamba ya Rungwe si mradi, kwa sababu kazi hiyo hurudiwa daima. Kujenga banda la kupimia chai ni mradi: banda likikamilika, mradi umekwisha na matumizi yake yanaanza.

Tatizo, kwa upande wake, ni tofauti kati ya hali ilivyo na hali inavyotakiwa kuwa. Tofauti hiyo sharti iweze kupimwa. Kwa hiyo maneno “hatuna kompyuta” hayaelezi tatizo lolote. Yanataja tu dawa ambayo msemaji amekwisha kuichagua kabla ya kumpima mgonjwa. Lakini maneno “malipo yanayotakiwa kutoka tarehe 5 hutoka tarehe 20” yanaeleza tatizo, kwa kuwa yanataja hali mbili na kipimo cha tofauti yake, yaani siku 15.

Mwanahisabati George Pólya, mzaliwa wa Hungaria, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1945 hatua 4 za kutatua swali la hisabati: kulielewa swali, kutunga njia, kuifuata njia hiyo, na kutazama nyuma ili kulipima jibu. Walimu wa hisabati wanazifahamu hatua hizo darasani. Wasimamizi wa miradi ya kompyuta wanazihitaji vile vile, na miradi mingi huharibika kwa sababu watu wameruka hatua ya kwanza na kuisahau ya nne.

Mfano wa kituo cha maziwa

Tukuyu ni mji wa mvua nyingi. Kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 2,000. Majani ya ng’ombe hayakosekani, na katika wilaya ya Rungwe wakulima wengi wa migomba na chai hufuga pia ng’ombe wa maziwa. Basi msomaji na afikirie kituo cha kukusanyia maziwa katika kata ya Ibighi, chenye wafugaji 120. Takwimu zote za mfano huu zimetungwa kwa ajili ya mazoezi, lakini ukubwa wake ni wa kawaida.

Kila mfugaji huleta maziwa asubuhi na jioni. Karani hupima lita na kuziandika katika daftari la kituo. Kwa siku huandika mara 240, na kwa mwezi wa siku 30 mara 7,200. Mwisho wa mwezi hunakili tarakimu hizo katika leja, ili ajumlishe lita za kila mfugaji. Kwa hiyo kila kipimo huandikwa mara 2, na jumla ya maandishi ni 14,400. Ikiwa karani ni mwangalifu sana hata akakosea mara moja tu katika kila maandishi 200, makosa ya mwezi mmoja yatakuwa 72. Idadi hiyo yatosha kuleta ugomvi katika zaidi ya nusu ya nyumba za wanachama.

Wafugaji wana malalamiko mawili. Kwanza, malipo huchelewa: yalitazamiwa tarehe 5, lakini hutolewa tarehe 20. Pili, lita wanazolipwa hazilingani na lita wanazoamini kuwa wamezileta. Katika mkutano mtu mmoja anasimama na kusema, “Ndugu zangu, tununue kompyuta.” Watu wanapiga makofi. Je, wamepata suluhisho?

Kabla ya kujibu, inafaa kuzifuata siku za mwezi moja moja. Karani huanza kunakili na kujumlisha tarehe 1. Akitumia nusu dakika kwa kila kipimo, vipimo 7,200 humchukua dakika 3,600, yaani saa 60. Akifanya kazi hiyo saa 6 kwa siku, atamaliza baada ya siku 10. Siku 5 zinazofuata hutumika kusikiliza malalamiko na kusahihisha. Hesabu huwa tayari tarehe 15. Lakini mnunuzi wa maziwa, ambaye hulipa kwa kipimo cha tangi lake mwenyewe, huleta fedha tarehe 18. Siku 2 hutumika kugawa malipo, na hivyo tarehe 20 inafika.

Jibu sasa linaonekana. Kompyuta ingeweza kufanya hesabu ya siku 10 kwa dakika chache, lakini fedha zingefika tarehe 18 kama kawaida, na wafugaji wangelipwa tarehe ile ile 20. Mashine ingeharakisha kazi ambayo haikuwa ikimchelewesha mtu. Dawa ya ucheleweshaji huo imo katika mkataba na mnunuzi, na hupatikana kwa mazungumzo. Hata hivyo, mnunuzi akikubali kulipa tarehe 3, hesabu ya karani ndiyo itakayokuwa kizuizi, na hapo kompyuta itakuwa na kazi halali. Ndiyo kusema kwamba thamani ya mashine haitokani na kasi yake peke yake, bali na mahali inapowekwa katika mlolongo wa kazi.

Lalamiko la pili ni la namna nyingine. Mfugaji ana shaka kwa sababu hana ushahidi mkononi. Hata kompyuta ikitoa jumla isiyo na kosa, tarakimu iliyoingizwa vibaya asubuhi itabaki vibaya mpaka mwisho wa mwezi, tena sasa itakuwa na heshima ya mashine. Shaka hiyo huondolewa palepale kwenye kipimo: mfugaji apewe stakabadhi ya karatasi ya kaboni, au ujumbe katika simu yake, mara tu maziwa yanapopimwa. Pamoja na hayo, kila jioni jumla ya lita za wafugaji ilinganishwe na kipimo cha tangi. Zikitofautiana kupita kiasi cha kawaida cha povu na maziwa yanayomwagika, kosa litafutwe siku hiyo hiyo, kabla halijazikwa chini ya vipimo vya siku nyingine 29.

Kuchagua kati ya njia nyingi

Tatizo likieleweka, huonekana kwamba njia za kulitatua si moja. Kituo cha mfano kina njia 3: kuboresha daftari kwa stakabadhi na ulinganisho wa kila siku, kutumia simu kupeleka ujumbe kwa wafugaji, au kununua kompyuta yenye programu ya majedwali. Kila njia ipimwe kwa maswali yale yale. Itagharimu kiasi gani kununua, na kiasi gani kuitunza kila mwaka? Umeme ukikatika siku ya mvua, kazi itaendeleaje? Nani atakayeitengeneza ikiharibika, naye yuko umbali gani? Karani akihama, nani ataijua kazi yake? Na je, njia hiyo inaondoa tatizo lililopimwa, au inaondoa tatizo jingine?

Swali la utunzaji husahauliwa mara nyingi kuliko yote. Fedha za mradi hununua mashine, lakini aghalabu hazinunui betri ya mwaka wa tatu wala mafunzo ya karani mpya. Mradi wenye mpango mzuri huandika tangu mwanzo ni nani atakayezibeba gharama hizo mradi utakapokwisha.

Kupanga kazi na kuhesabu siku

Baada ya mazungumzo marefu mnunuzi amekubali kulipa mapema, na kituo kimeamua kutumia kompyuta. Sasa uamuzi unakuwa mradi. Msimamizi huugawa katika kazi ndogo, akaandika kila kazi itachukua siku ngapi na ni lazima itanguliwe na kazi ipi:

A. Kukubaliana na wafugaji juu ya tatizo na kipimo cha mafanikio: siku 5.
B. Kusahihisha orodha ya wanachama na kuwapa namba: siku 10, baada ya A.
C. Kutengeneza jedwali la hesabu na kulijaribu: siku 12, baada ya A.
D. Kutayarisha chumba na umeme: siku 8, baada ya A.
E. Kuwafundisha makarani 2: siku 6, baada ya C na D.
F. Kuingiza orodha ya wanachama: siku 3, baada ya B na C.
G. Kutumia daftari na kompyuta kwa pamoja: siku 30, baada ya E na F.
H. Kupima matokeo na kukabidhi: siku 4, baada ya G.

Ukijumlisha siku zote utapata 78. Lakini mradi hauhitaji siku 78, kwa sababu baadhi ya kazi hufanyika sambamba. Kinachotakiwa ni kutafuta njia ndefu kuliko zote kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hapa njia hiyo ni A, C, E, G, H: yaani 5 + 12 + 6 + 30 + 4, jumla siku 57. Njia hiyo huitwa njia muhimu. Kazi yoyote iliyomo ikichelewa siku moja, mradi wote huchelewa siku moja. Kazi zilizo nje yake zina nafasi ya kupumua: B yaweza kuchelewa siku 5, D siku 4, na F siku 3, ikiwa nyingine zote zitakwenda kama zilivyopangwa.

Namna hii ya kuhesabu ilianzishwa katika kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1957. Mwaka 1958 jeshi la wanamaji la nchi hiyo lilitumia namna inayofanana nayo katika mradi wa makombora ya Polaris. Faida yake yaonekana hata katika mfano mdogo wa Ibighi. Msimamizi akiajiri mafundi zaidi ili chumba kikamilike kwa siku 5 badala ya 8, atatumia fedha na hatapata hata siku moja. Akipunguza kazi C kutoka siku 12 hadi 10, mradi utamalizika kwa siku 55.

Kazi G ndiyo inayovutia macho ya mtu mwenye haraka, kwa kuwa ni ndefu kuliko zote. Lakini siku zake 30 si za uvivu. Malipo hufanyika mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo ni lazima mwezi mzima upite, daftari na kompyuta vikifanya kazi bega kwa bega, ndipo ijulikane kama jumla zao zinalingana. Anayeikata kazi hiyo huyahamishia majaribio yake katika mifuko ya wafugaji.

Wengine hudhani kwamba mradi unaochelewa huokolewa kwa kuongeza watu. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa za kompyuta za IBM System/360, alieleza katika kitabu cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliokwisha kuchelewa huuchelewesha zaidi. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Watu n wanaotakiwa kuelewana wote kwa wote wana njia za mawasiliano n(n − 1)/2. Watu 3 wana njia 3. Watu 6 wana njia 15. Watu 10 wana njia 45. Tena kila mgeni sharti afundishwe, na anayemfundisha ni yule yule aliyekuwa akifanya kazi.

Fundisho la Hazina

Historia ya Tanzania inayo mifano ya kushindwa na ya kufaulu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baadaye hesabu za Serikali zikaanza kuhamishiwa katika mashine. Mradi huo haukufanikiwa. Wataalamu wa nchini walikuwa wachache mno, kazi iliwategemea wageni, makosa katika hesabu yakawa mengi, na hatimaye ilibidi kurudi katika njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Masharti hayo yalilegezwa polepole katika miaka ya 1980.

Gharama ya kushindwa huko haikuwa fedha za mashine peke yake. Kwa miaka kadhaa vijana waliopitia shule na vyuo walikosa nafasi ya kujifunza juu ya chombo ambacho nchi nyingine zilikuwa zikikizoea. Mradi mmoja ulioharibika ulifunga mlango wa miradi mingine mingi. Ni vema mwanafunzi akumbuke pia kwamba mashine ilikuwa sehemu moja tu ya mradi huo. Watu, mafunzo na mpangilio wa kazi vilikuwa sehemu nyingine, na mashine haiwezi kufidia upungufu wa hizo.

Fundisho la vituo vya afya

Mfano wa pili ni wa mwaka 2009 na 2010. Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii, ikishirikiana na mashirika na makampuni kadhaa, iliendesha jaribio lililoitwa SMS for Life. Tatizo lilielezwa kwa namna inayoweza kupimwa: vituo vya afya huishiwa dawa za malaria, na wilaya haipati habari kwa wakati. Jaribio lilifanyika katika vituo 129 vya wilaya 3, nazo ni Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kwa wiki 21. Kila wiki mhudumu alipokea ujumbe katika simu yake ya mkononi. Akahesabu dawa zilizobaki, yaani vipimo 4 vya dawa ya mseto na sindano za kwinini, akajibu kwa ujumbe. Aliyejibu kwa wakati alipewa muda wa maongezi. Hakuna kompyuta iliyopelekwa kituoni. Chombo kilikuwa kile ambacho mhudumu alikuwa nacho tayari na aliyekwisha kukizoea.

Katika wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa hizo. Katika wiki ya 21 asilimia hiyo ilikuwa imeshuka hadi 26. Huko Lindi Vijijini upungufu uliondoka kufikia wiki ya 8, na baada ya hapo karibu hakuna kituo kilichoishiwa. Kigoma Vijijini asilimia ilishuka kutoka 93 hadi 47: maendeleo makubwa, lakini karibu nusu ya vituo bado vilikuwa na pengo.

Tofauti hiyo ya wilaya ina somo lake. Ujumbe wa simu haubebi dawa. Humwambia mganga mkuu wa wilaya kwamba dawa imekwisha hapa na imezidi pale. Baada ya hapo ni lazima pawepo na dawa ya kuhamisha, gari la kuihamisha, na mtu wa kuamua. Habari ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni tendo linalofuata habari, na mradi usiopanga tendo hilo huishia kuwa na takwimu nzuri za upungufu ule ule.

Lililo bora zaidi katika jaribio hilo ni kwamba hali ya mwanzo ilipimwa. Kama idadi ya vituo vilivyokosa dawa isingeandikwa katika wiki ya kwanza, tarakimu ya wiki ya 21 isingekuwa na maana yoyote. Wapo watu wanaoanza kupima baada ya mashine kufika. Watu hao hawawezi kujua, wala kumthibitishia mtu mwingine, kama fedha zao zimezaa matunda.

Kazi ya darasani

Mwalimu hahitaji maabara ya kompyuta ili kuyafundisha haya. Karatasi, penseli na kitabu cha mahudhurio vyatosha. Maswali yafuatayo yaweza kufanywa na vikundi vya wanafunzi 4 au 5.

1. Chagueni kazi moja ya kumbukumbu shuleni, kama vile kuazima vitabu vya maktaba. Elezeni tatizo lake kwa sentensi moja yenye kipimo, bila kutaja mashine yoyote.

2. Pimeni hali ilivyo kwa wiki 2. Ni vitabu vingapi vilichelewa kurudi? Vingapi haijulikani viko wapi? Chanzo ni daftari, ni kanuni, au ni watu?

3. Katika mradi wa kituo cha maziwa, kazi D imechukua siku 14 badala ya 8 kwa sababu ya mvua. Mradi utamalizika siku ya ngapi? Njia muhimu sasa ni ipi?

4. Pendekezeni njia 2 za kulitatua tatizo la swali la kwanza, moja bila umeme na moja yenye kutumia umeme. Andikeni gharama ya kila moja kwa miaka 3, si kwa mwaka wa kwanza peke yake.

Jibu la swali la tatu ni siku 59, na njia muhimu mpya ni A, D, E, G, H. Mwanafunzi aliyepata siku 63 ameongeza siku 6 zote za ucheleweshaji, akasahau kwamba 4 kati ya hizo zilikuwa nafasi ya kupumua. Maswali mengine hayana jibu moja. Kikundi kitakachogundua kwamba tatizo la maktaba laweza kuondolewa kwa daftari jipya na kanuni moja inayofuatwa kitakuwa kimelitatua vizuri, na kitakuwa kimeiachia shule fedha za kununulia vitabu.